Discovery 3 ya Afande: shajara ya kuitafuta hewa inakokwenda

Jumamosi, siku ya 1

Imeingia gereji saa tano asubuhi imepiga magoti mbele kama ngamia anayesubiri mzigo. Land Rover Discovery 3 ya mwaka 2006, dizeli ya V6 lita 2.7, ya kijani pale ambapo vumbi la murramu, udongo mwekundu wa barabara zetu, limeacha rangi ionekane. Hili halikai juu ya springi: kila kona imebebwa na mfuko wa mpira uliojaa hewa, na kompresa ndiyo inayoisukuma. Mwenyewe ni mwanajeshi mstaafu wa hapahapa Bombo, Uganda. Mtaa mzima unamwita Afande, na mimi simwiti vinginevyo.

"Fundi, nimechoka na hizi hewa," aliniambia kabla hajazima injini. "Toa mifuko yote, tia springi za chuma, tumalize."

Nimemwomba wiki mbili. Amekubali, ila si siku moja zaidi: harusi ya mpwa wake iko Arua, na mkewe, Hajati, ameshatangaza kwamba yeye kwa basi haendi.

Historia, kama alivyonieleza tukiwa kwenye benchi: mwanzo kioo cha dashibodi kiliandika kwamba sasipensheni ina hitilafu na gari litabaki kimo cha kawaida tu. Taa ya njano. Alipuuza. Baada ya wiki kadhaa ikaja nyekundu na kengele yake: usizidi kilomita 50 kwa saa. Kisha wakaongezeka ndugu zake, kwamba mfumo wa kuteremkia mlima haupatikani, kwamba programu maalumu zimezimwa. Akaipeleka gereji moja mjini, wakamfungia kompresa iliyotumika. Ilifanya kazi siku 9. Aliporudi, walichomeka mashine ya kusomea makosa ya kompyuta, wakayafuta, taa ikazima, akalipa. Amefanya hivyo mara tatu.

Nimechomeka mashine yangu na sijafuta kitu. Kwanza daftari. Zimetoka kodi nne, yaani namba za makosa (gereji tunasema kodi, na zinauma karibu sawa na zile za serikali): mbili zinalalamikia umeme mdogo, moja ni ya sensa ya kimo ya mbele kushoto, na ya nne ndiyo mashuhuri, C1A20. Hiyo maana yake presha inapanda polepole mno tanki la hewa linapojazwa.

Mafundi wengi wakiona C1A20 wanasoma "nunua kompresa". Mimi pia nilisoma hivyo zamani, nikamnunulisha mtu kompresa mpya bure. Presha inaweza kupanda polepole kwa sababu kompresa imechoka, ndiyo. Lakini pia kwa sababu hewa inavuja huku inasukumwa, au chujio la kuvutia hewa limeziba, au betri haina nguvu ya kuzungusha mota. Kompyuta ya gari haijui tofauti. Ina sensa moja tu ya presha kwa mfumo mzima, iliyokaa kwenye vali za tanki. Inaona pipa halijai. Kama ni mchota maji mvivu au ni pipa lenye tundu, hilo ni letu kulitafuta.

Nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza utaratibu nitakaoufuata: umeme, halafu uvujaji, halafu kompresa, halafu sensa. Kompresa ni ya tatu makusudi.


Jumapili, siku ya 2

Betri. Nimeweka mita kwenye ncha zake na dogo, mwanafunzi wangu, akapiga stata. Imeshuka hadi volti 8.9 kabla injini haijawaka. Kwa gari la zamani lisilo na kompyuta ningesema vumilia mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hili, haiwezekani. Ubongo wa sasipensheni ukikosa volti za kutosha wakati wa kuwasha, unaamka umevurugika na kuandika makosa ya vitu vizima kabisa. Nimeazima betri ya gari langu. Stata ya pili: 10.6. Kodi mbili za umeme zimefutika na hazijarudi.

Ujumbe wa mfumo wa kuteremkia mlima ulibaki, unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Hapo nilimwambia dogo asimame nyuma ya gari, mimi nikakanyaga breki pole pole.

"Bado... bado... ipo! Imekwenda. Ipo tena!"

Swichi ya taa za breki. Kidude cha plastiki juu ya pedali, ukubwa wa kidole gumba. Ikianza kusitasita, kompyuta haijui tena kama mguu uko kwenye breki au haupo, na kwa kutojua huko inafunga mfumo wa mteremko, inafunga kile kitufe cha kuchagua aina ya njia, na kuwasha taa ya sasipensheni juu yake. Nimeona watu wakifungua vali za hewa kwa sababu ya swichi hii. Nimetia mpya. Ndugu hao wawili wameondoka, na gari bado limepiga magoti.


Jumatatu usiku, siku ya 3

Kipimo cha uvujaji nakifanya kizamani, kwa tepu ya kupimia.

Nimelisimamisha gari kwenye kimo cha kawaida, limejikongoja mpaka likafika. Nikatoa fyuzi ya sasipensheni. Hiyo ni muhimu, kwa sababu gari hili halilali: hata likiwa limezimwa, kila baada ya saa kadhaa kompyuta huamka, hutazama kona zote nne, hushusha zile zilizo juu ili gari likae sawa. Ukisikia Discovery ikipumua peke yake usiku wa manane, si jini. Sasa bila kutoa fyuzi, kona moja ikivuja kompyuta inashusha na nyingine tatu ziifuate, na asubuhi unakuta gari zima liko chini na hujui mwizi ni nani.

Nimebandika tepu ya karatasi juu ya kila gurudumu na kupima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi. Namba nimeziandika palepale kwenye karatasi, kwa kalamu, na saa: 2:40 usiku.


Jumanne, siku ya 4

Saa 1:10 asubuhi. Nyuma kulia haijashuka hata kidogo. Nyuma kushoto milimita 2. Mbele kulia milimita 4. Mbele kushoto milimita 41.

Sikuhitaji mashine kuniambia tena.

Nimetengeneza maji ya sabuni, sabuni nyingi kuliko unavyofikiri, na brashi ya rangi. Juu ya shokapu ya mbele kushoto (kwenye gari hili shokapu na mfuko wa hewa ni kitu kimoja), pale bomba jembamba la nailoni la milimita 6 linapoingia kwenye kiungo cha shaba, povu lilianza kuota taratibu, dogodogo, kama mate ya mtoto anayeota meno. Nimetoa hewa yote ya kona ile kwa mashine, gari likiwa juu ya stendi. Hapa nalirudia kwa dogo kila siku na nitaliandika pia: gari la hewa halilaliwi chini kwa jeki pekee, na halifunguliwi bomba likiwa limebeba uzito. Mfuko ukitoa hewa ghafla, mwili wa gari unashuka kimo cha kifua cha mtu aliyelala.

Kazi yenyewe ni ya dakika 10. Fungua nati, kata sentimita moja ya bomba kwa wembe mpya, mkato uwe mraba kabisa, tia kola mpya, rudisha. Bomba lina ziada ya urefu wa kutosha kwa mkato mmoja au miwili maishani. Sabuni tena: hakuna povu.

Nimelala na furaha. Soma kesho.


Jumatano, siku ya 5

Milimita 14.

Yaani kiungo kilikuwa kinavuja kweli, ila hakikuwa peke yake. Nimepaka sabuni juu, chini, kwenye vali zilizojificha nyuma ya bampa la mbele. Hakuna kitu. Nimekaa kwenye tairi la akiba nikala rolex, chapati yetu ya kuviringishia mayai, nikilitazama gari kama mtu anayemsikiliza shahidi muongo.

Jibu lilitoka kwenye umbo la mfuko wenyewe. Mpira wa mfuko wa hewa umekunjwa upande wa chini kama soksi iliyogeuzwa nusu, na gari likipanda na kushuka, kunjo hilo husafiri. Ufa ukiwa ndani ya kunjo, katika kimo fulani umebanwa na katika kimo kingine umefunguka. Mimi nilikuwa napaka sabuni gari likiwa limeshuka, ufa umefichwa.

Kompresa ya gari haina nguvu za kulipandisha hadi kimo cha njia mbaya, kwa hiyo nimelisaidia. Nimeunga bomba la kona ile moja kwa moja kwenye kompresa ya gereji, kwa geji, pole pole, mpaka kona ikasimama wima. Nikaosha kunjo kwa maji safi kwanza. Likatoka tope jekundu, kisha chembechembe za murramu zilizokwama kwenye mkunjo, kavu, kali kama msasa. Miaka yote hii kila shimo la barabara ya shamba la Afande limekuwa likipiga msasa mpira huo kutoka nje. Nikapaka sabuni. Ufa wa urefu wa ukucha ukachemka.

Hakuna kiraka hapo. Nimewahi kuona watu wakipaka gundi ya tyubu. Hudumu mpaka getini.


Alhamisi, siku ya 6

Nimempigia Afande.

"Afande, mgonjwa tumempata. Shokapu ya mbele kushoto, mpira umepasuka."

"Si ulisema ni kompresa?"

"Waliosema kompresa ni wale wa mjini, Afande."

Akacheka, kisha akauliza bei, akaacha kucheka. Akapendekeza tutafute iliyotumika. Nimemkatalia kwa heshima. Chuma kilichotumika nanunua, injini iliyotumika nanunua nikiisikiliza, lakini mpira uliotumika umri wake ni uleule wa huu uliokufa. Baada ya dakika kumi Hajati akapiga yeye: "Fundi, agiza mpya. Mimi na Afande tutaongea." Nimeagiza kwa muuza spea wa Kampala ambaye huleta kutoka nje. Siku nne.

Kuhusu springi za chuma, kwa kuwa ameuliza tena. Inawezekana. Hata kiwandani Discovery 3 za bei ya chini zilitoka na springi za koili. Lakini ukizifunga kwenye gari lililozaliwa na hewa, kompyuta inaendelea kuitafuta hewa yake na taa inabaki inawaka mpaka uidanganye kwa vifaa vingine. Na unapoteza kile kilichokufanya ununue gari: kitufe kimoja kinachoinua mbele milimita 55 na nyuma milimita 65 unapofika kwenye mto ulioula nusu ya barabara, na kingine kinachoshusha milimita 50 ili Hajati apande bila kuinua gauni. Isitoshe, tangu sheria ya 2018 magari yaliyozidi miaka 15 hayaruhusiwi kuingizwa Uganda. Hizi tulizonazo ndizo hizi, na afadhali tujifunze kuzitibu.


Ijumaa, siku ya 7

Nusu siku, kwa sababu ya sala. Nimeitoa kompresa.

Iko chini upande wa kushoto, kwenye chasisi, ndani ya kifuniko cha plastiki chenye sponji ya kuzuia kelele. Sponji hiyo inanyonya maji ya mvua na kuyashika, basi bolti huozea humo. Moja imekatika. Nilitarajia.

Kompresa waliyomfungia mjini imepakwa rangi nyeusi ya kupuliza. Rangi mpya kwenye spea ya zamani hunipa mashaka, kama manukato mengi. Nimeikwangua kwa bisibisi: kutu. Nimefungua kichwa. Kikausho, lile kopo lenye punje za silika za kunyonya unyevu, hakikuwa na punje. Kilikuwa na uji. Unyevu ulizidi, punje zikasagika, unga ukashuka mpaka kwenye silinda. Ukuta wa silinda una michirizi ya wima unayoweza kuihisi kwa ukucha.

Nikamuuliza Afande ile kompresa ya awali iko wapi. "Iko kwenye buti, ndani ya gunia. Mimi siachi mali yangu kwa watu."

Jeshi lilimfundisha vizuri. Nimeifungua ya kwake: ni Hitachi ya kiwandani. Ringi ya tefloni ya pistoni imeliwa hadi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, silika imechoka lakini bado ni punje, na silinda ni laini, inang'aa. Kwa maneno mengine waliitoa kompresa iliyohitaji ringi, wakaweka iliyohitaji kuzikwa.

Ile ya awali haikuwa na kosa. Mfuko ulivuja, tanki halikujaa, kompresa ikaendelea kusukuma kila safari, kila siku, kwa miezi. Tena huku juu, tukiwa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kila pumzi inayovuta ina hewa kidogo kuliko ingekuwa Mombasa. Ikipata joto kupita kiasi kompyuta huizima ipoe, kisha inaanza tena. Ungechoka na wewe.


Jumamosi, siku ya 8

Kifurushi cha ringi, oringi na silika kimefika na taksi kutoka mjini, kimefungwa kwenye gazeti.

Ringi ya tefloni haiingii kwenye silinda kwa hiari. Inajitanua, inakataa, ukiilazimisha inajikunja ukingo na umeiua. Nimekata ukanda wa chupa ya soda, nikauviringisha kuzunguka pistoni, nikaubana kwa vidole, pistoni ikateleza ndani ya silinda na plastiki ikabaki mkononi. Dogo alikuja na kopo la grisi, amelishika kama mtu aleteaye mgeni maji.

"Peleka mbali."

"Kidogo tu, mwalimu, iteleze."

Kompresa hii ni kavu. Mafuta yakiingia yanafuata hewa hadi kwenye silika, punje zinavaa mafuta, hazinywi tena unyevu, na unyevu unaenda kwenye vali. Oringi nimezipaka silikoni, ya kuona kwa shida. Nyingine hakuna.

Nimebadilisha na rilei ya kompresa, swichi inayoipa umeme, kwenye kasha la fyuzi chini ya boneti. Ya zamani miguu yake imeungua hadi rangi ya chai. Rilei hizi zikishikana ndani, kompresa inazunguka gari likiwa limezimwa, mpaka betri ife au mota iungue, ipi itangulie.


Jumapili, siku ya 9

Siku ya aibu. Naandika yote.

Kompresa imefungwa. Shokapu bado, kwa hiyo kona ile nimeiziba njiani ili nijaribu zilizobaki. Nimewasha injini, nikabonyeza kupanda. Kimya. Nimekagua fyuzi, plagi, rilei mpya. Nimetoa kifuniko chote tena. Nusu saa imepita ndipo nikaona mlango wa nyuma uko wazi. Dogo alikuwa anachukua spana. Mlango ukiwa wazi gari hili halibadilishi kimo, limetengenezwa hivyo ili lisimbane mtu. Nalijua hilo tangu enzi.

Tumefunga mlango. Likapanda. Nyuma ikatangulia, kama inavyotakiwa, mbele ikafuata.

Nikabonyeza kushuka. Halikushuka. Taa ya njano, na kodi mpya ambayo gari halikuja nayo: C1A13, presha haishuki njia kuu inapotolewa hewa.

Hii nimeileta mimi. Hewa inayotoka hairuki moja kwa moja nje: inarudi kinyume kupitia kwenye kikausho, inazikausha zile punje, halafu inatokea kwenye sailensa ndogo ya plastiki. Unga wa silika ya ile kompresa mbovu ulikuwa umejaa kwenye sailensa hiyo, nami niliirudisha kama ilivyo kwa sababu kwa nje ilionekana safi. Nimeipuliza, haikupitisha hata pumzi yangu. Nimeigonga mezani, ukadondoka unga mweupe kama wa muhogo. Nimeosha, nikakausha juani, nikarudisha. Linashuka sasa, kwa mlio mrefu wa kuridhika.


Jumatano, siku ya 12

Shokapu imechelewa siku mbili. Imefungwa leo. Bolti ya chini ilinichukua asubuhi yote na ngumi moja ya ukutani. Jambo moja la kukumbuka: mpya haishushwi chini ikiwa tupu. Ijaze hewa kwanza gari likiwa bado kwenye stendi, kunjo la mpira likae mahali pake, ndipo uteremshe uzito. Ukiishusha tupu mpira unabanwa vibaya na umenunua ufa mwingine.

Sensa ya kimo ya kona ileile: si mbovu. Nimeichomoa fito yake na kuizungusha kwa mkono huku mita ikionyesha volti, zikapanda na kushuka bila kuruka. Kilichokuwa kigumu ni kifundo cha fito, kimeshikana na tope. Kimesafishwa, kinacheza.

Kisha urekebishaji wa vimo, na hapo ndipo gereji nyingi huharibu. Mashine inakuuliza umbali wa kila gurudumu na madigadi, unajaza, inaamini. Lakini sakafu yako ikiwa imeinama, umeifundisha kompyuta kuinama. Nimeazima kwa fundi mwashi jirani ule mpira wake mwembamba wenye maji anaopimia msingi. Sakafu yangu, ambayo nimejivunia miaka sita, imeinama sentimita 2 kutoka pembe hadi pembe. Tumetia vipande vya mbao chini ya magurudumu mawili, tukapima tena kwa maji, mpaka sawa. Ndipo nikajaza namba.

Zote nne zimekubali. Daftari la kodi: tupu.


Alhamisi, siku ya 13

Majaribio. Asubuhi lami hadi Luweero na kurudi. Mchana murramu, mashimo, kimo cha juu, kimo cha chini, mara kumi, nikihesabu. Kutoka kimo cha kupandia watu hadi cha kawaida linachukua sekunde 20 hivi. Limesimama kwenye mteremko wa mto, mfumo wa kuteremkia ukaingia na kututeremsha kama mzee na bakora yake. Taa haikuwaka.

Magurudumu yamepimwa mlingano mjini, kwa sababu shokapu imeguswa. Usiku nimetoa fyuzi, nikabandika karatasi zangu nne.


Ijumaa, siku ya 14

Mbele kushoto: sifuri. Nyuma zote: sifuri na 2. Mbele kulia: milimita 5.

Afande amekuja na Hajati. Nimemwonyesha karatasi, nimemwonyesha ufa, nimemwonyesha kompresa mbili kwenye gunia na nikamwambia ipi ni takataka. Aliishika ile iliyopakwa rangi kwa muda mrefu bila kusema neno. Hajati alibonyeza kitufe cha kushusha, akapanda, akafunga mlango.

"Afande, hii ya mbele kulia," nikasema, "ni ya umri mmoja na iliyopasuka. Milimita 4 juzi, 5 leo."

"Itatufikisha Arua?"

"Itawafikisha na kuwarudisha. Lakini isiwe mwaka mzima."


Jumatatu, siku ya 17

Amepiga kutoka Arua, saa moja na nusu asubuhi. Zaidi ya kilomita 400, Karuma, daraja la Pakwach, Nebbi, hakuna taa. Harusi imekwenda vizuri, nyama ilitosha. Kisha akaniambia amekata kijiti kwa kipimo cha juu ya gurudumu la mbele kulia, na kila asubuhi kabla ya chai anakwenda kukisimamisha pale.

"Jana kiligusa kidogo," akasema. "Leo kimegusa zaidi. Upana wa njiti ya kiberiti."

Nimeagiza ya kulia.